Bonde Lililohamishwa Watu

Butembo imekaa juu ya milima ya Mitumba, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Beni imekaa kaskazini yake, chini zaidi, pembeni mwa msitu mkubwa. Mashariki ya miji hiyo miwili ardhi inaporomoka hadi kwenye bonde la ufa, na huko chini liko Ziwa Edward, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 2,300 hivi, sehemu kubwa ikiwa Kongo na iliyobaki Uganda. Pale Ishango, upande wa kaskazini wa ziwa, mto Semliki unatoka na kuelekea Ziwa Albert. Unapita kwanza kwenye nyasi, halafu kwenye msitu mnene, huku Ruwenzori na theluji zake zikiwa upande wa kulia. Karibu bonde lote hilo, pamoja na maji ya upande wa Kongo, limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, ukanda mwembamba wa kilomita kama 300 unaoanzia kwenye volkano za karibu na Goma. Anayesimama ukingoni huona mambo mawili yanayopingana: nyuma yake maharagwe, viazi na migomba iliyobanana mpaka kwenye genge, na mbele yake nyika isiyo na moshi wa jiko hata mmoja. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mbele ni asili kama ilivyoumbwa, na nyuma ni kazi ya watu. Historia inasema vingine. Nyika ile nayo ni kazi ya watu, ina tarehe zake na amri zake, na kusahau jambo hilo kumewagharimu wanyama wenyewe, kwa sababu serikali ilipoanguka, bonde lisilo na wenyeji lilikuwa bonde lisilo na shahidi.

Ushahidi wa zamani kabisa uko hapohapo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango akapata mfupa mdogo, wa sentimita kama 10, uliochanjwa mistari kwa mafungu. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000 au zaidi, unahifadhiwa Brussels, na wanahisabati wangali wanabishana kama mistari yake ni hesabu, kalenda ya mwezi, au mikwaruzo tu ya kusaidia kuushika. Ubishi huo unanoga, lakini umefunika kitu kingine kilichotoka kwenye udongo uleule: chusa za mifupa zenye meno, pamoja na mabaki mengi ya samaki. Waliokaa Ishango walikuwa wavuvi. Kilomita chache chini ya mto, Katanda, Wamarekani Alison Brooks na John Yellen walipata chusa nyingine pamoja na mifupa ya kambare wakubwa, na mwaka 1995 walipotangaza kwamba zina miaka 80,000 au zaidi, wanaakiolojia kadhaa walikataa kusadiki. Tuwaachie tarehe hiyo wanaoipinga. Hata kwa tarehe za Ishango peke yake, uvuvi kwenye ukingo huo ni kazi ya kale kuliko kilimo popote duniani. Hakuna anayedai kwamba watu wale ni mababu wa Wanande, wenyeji wa milima hii leo; watu wamekuja na kuondoka mara nyingi. Ninachodai ni kidogo zaidi: ziwa hili, samaki wake, viboko wake na nyasi zake havikupata kuwa na enzi ya karibuni ambamo binadamu hakuwepo. Anayemwita mvuvi wa Kyavinyonge, kijiji cha jirani na Ishango, mvamizi wa makao ya wanyama, inampasa aseme uvamizi huo ulianza lini.

Karne ya 19 inajulikana vizuri zaidi, na inaonyesha mlima na bonde vikiwa uchumi mmoja. Wanande, ambao ndugu zao wa upande wa Uganda ni Wakonzo, walilima juu, kwenye baridi na mvua, wakashuka kutafuta chumvi na samaki. Chumvi ilitoka Katwe, ziwa dogo la volkano lililo hatua chache kutoka ufuko wa kaskazini wa Ziwa Edward, na ilikuwa mali ya kupiganiwa: Bunyoro, Toro na Nkore zote ziliitamani, na afisa Mwingereza Lugard alipoitwaa mwaka 1891 kwa niaba ya kampuni ya Waingereza alijua anatwaa hazina. Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1889 akirudi na gavana Emin Pasha aliyekuwa amekwenda kumwokoa, na kulipa ziwa jina la mwana wa malkia wake, aliikuta Semliki ikiwa na vijiji na migomba, na Katwe ikiwa mikononi mwa askari wa Kabarega, mfalme wa Bunyoro. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha 1981 juu ya Bashu, usultani ulio kati ya Butembo na bonde, ameeleza namna uchifu wao ulivyopimwa kwa uwezo wa kuituliza ardhi, yaani mvua, njaa na maradhi. Uchifu wa aina hiyo haukuishia kwenye genge. Nyanda za chini zilikuwa sehemu ya mpango wake: njia ya chumvi, malisho, mahali pa kuwindia, na pa kukimbilia mavuno ya juu yakikosekana. Mpaka wa mlima na bonde kama tunavyoujua leo haukuwepo.

Utupu ulianza na magonjwa. Sotoka iliyoikumba Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyati kwa makundi. Nyasi zikakosa wa kuzila, vichaka vikapanda, na mbung'o wakafuata vichaka. John Ford, aliyeshughulikia mbung'o kwa miaka mingi katika makoloni ya Waingereza na kuchapisha kitabu chake mwaka 1971, alishikilia kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa na namna ya kuishi na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kabla ya wakoloni: zilifyeka, zilichoma nyika kwa majira, zilichunga na kukaa pamoja, zikaweka nafasi kati ya makao ya mbung'o na makao ya watu. Vita, sotoka, ndui na utekaji vilibomoa mpango huo katika kizazi kimoja. Malale yalipoenea kando ya Ziwa Edward, serikali za pande zote mbili zilijibu kwa njia ileile, kuhamisha watu. Waingereza walitangulia mwanzoni mwa karne ya 20; Wabelgiji waliendelea katika bonde la Semliki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa kipimo cha afya haikuwa amri ya kipumbavu. Malale yaliua kweli, na dawa ya atoksili iliyotumika kwanza iliweza kumpofusha mgonjwa. Lakini amri ya afya hutolewa kwa ajili ya ugonjwa, na anayehamishwa kwa ajili ya ugonjwa hutarajia kurudi ugonjwa ukipungua.

Watu wa Semliki hawakurudi, kwa sababu mbuga iliwawahi. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, aliyekuwa amezuru mbuga za Marekani mwaka 1919, alitia sahihi amri ya kuanzisha mbuga iliyopewa jina lake, ambayo leo ndiyo Virunga. Ilikuwa ndogo, volkano za Mikeno, Karisimbi na jirani zao, na iliwekwa kwa ajili ya gorila wa milimani. Aliyeipigania zaidi ni Carl Akeley wa jumba la makumbusho la New York, ambaye mwaka 1921 aliwaua gorila kadhaa kwa ajili ya maonyesho na baadaye akaanza kuwatetea. Alifariki mwaka 1926 akiwa kazini na kuzikwa kwenye mteremko wa Mikeno. Hakuna lolote katika mbuga hiyo ya kwanza lililogusa Beni wala Lubero, eneo la milima linaloizunguka Butembo. Amri ya 1929 iliongeza nyanda za Rwindi na Rutshuru kusini mwa ziwa, na nyongeza za 1934 na 1935 zikalivuka ziwa, zikameza Semliki na miteremko ya Ruwenzori, hadi eneo lote likakaribia hekta 800,000. Tupange miaka hiyo kwa mfuatano wake: bonde linahamishwa kwa sababu ya malale, kisha bonde lilelile, likiwa limekwisha kuwa tupu, linaandikwa kuwa asili isiyoguswa. Victor van Straelen, mwanasayansi aliyeiongoza taasisi ya mbuga za Kongo ya Ubelgiji tangu kuundwa kwake mwaka 1934, alitaka hifadhi kamili, ambamo hata mtalii hakuwa na haki ya kuzurura. Mahali pa utafiti tu. Nia yake kuhusu wanyama haina shaka. Lakini maabara aliyoikuta ilikuwa imesafishwa na watu wengine, kwa sababu nyingine.

Sheria nayo ilikuwa tayari. Tangu Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ilikuwa imetangaza kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya dola, na kwa macho ya mtawala, malisho, mawindo, shamba lililopumzishwa na njia ya chumvi vyote vilihesabika kuwa ardhi isiyokaliwa. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, yenye mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, na milima ya Lubero, yenye baridi inayomfaa Mzungu, ikaanza kukatwa mashamba ya ngano, pareto na kahawa. Miaka hiyohiyo kampuni ya madini ya Maziwa Makuu iliweka kambi yake mahali ambapo leo ni Butembo. Mnande wa mwaka 1935 alikuwa basi amebanwa pande mbili: chini mbuga, juu mlowezi, na katikati kodi ya kutafutiwa fedha. Msongamano wa mashamba unaoonekana leo kwenye ukingo wa mbuga, ambao hutajwa kila mara kama tishio linalotoka nje ya historia ya mbuga, ulianza kutengenezwa na amri zilezile zilizotengeneza mbuga. Ongezeko la watu lilikuja baadaye, na ni kubwa kweli. Lakini lilikuta chombo kimekwisha kufinyangwa chembamba.

Hapa pingamizi la kwanza linastahili kusikilizwa, kwa sababu si la kizembe. Inasemwa kwamba bonde lilikuwa limekwisha kupoteza watu wengi kwa malale kabla ya mbuga, kwamba machifu walishauriwa na baadhi wakalipwa fidia, na kwamba kuyafufua madai ya miaka 90 iliyopita ni kuwasha moto. Jambo la kwanza ni kweli, na ndilo hasa ninalolisema: bonde lilipoteza watu kwa msiba, na msiba ukageuzwa kuwa hati. Kuhusu fidia, chifu wa wakati wa ukoloni alikuwa mtu aliyewekwa na kuweza kuondolewa na mtawala. Sahihi yake inathibitisha kwamba aliulizwa, haithibitishi kwamba angeweza kukataa. Na madai hayahitaji kufufuliwa na mwandishi yeyote, maana hayakufa. Yanasemwa kila msimu wa kupanda huko Mayangose, kwenye kingo za mji wa Beni, ambako wakulima na walinzi wa mbuga wamekuwa wakivutana kwa miaka mingi juu ya mashamba yaliyomo ndani ya mpaka. Zipo siasa za uchaguzi zinazoyachochea, na wapo matajiri wanaojificha nyuma ya maskini kujipatia ardhi. Hayo yote yanafahamika. Mchochezi hata hivyo hufanikiwa pale tu anapokuta kisa ambacho watu wanakijua kwa babu zao.

Jambo moja liliwashinda waandishi wa amri: ziwa. Ardhi waliweza kuifunga, lakini samaki wa ziwa walikuwa chakula cha milima yote, na wafanyakazi wa migodi na mashamba ya walowezi walihitaji kulishwa. Uvuvi ukaruhusiwa kwa masharti, mwishoni mwa miaka ya 1940 ukawekwa chini ya ushirika, na vijiji vitatu vikapata kutambuliwa ndani ya mbuga: Vitshumbi kusini, Nyakakoma upande wa mto Ishasha, na Kyavinyonge kaskazini. Kyavinyonge ndiyo ya Beni na Butembo. Kwa miaka mingi tilapia wake, wabichi au wa makayabu, yaani waliotiwa chumvi, wamepandishwa mlimani hadi sokoni, na muhogo, maharagwe na mkaa vikateremshwa. Njia ya zamani ya chumvi ikaendelea kwa mzigo mwingine. Kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi kamili kilikuwa kosa la kimantiki kwa mtu kama Van Straelen, na maafisa wa mbuga walikivumilia kama mtu anavyovumilia mgeni aliyekataa kuondoka. Lakini kilifanya kitu ambacho hakuna aliyekusudia: kilitupa jaribio la zaidi ya nusu karne la kuona kama watu na wanyama wakubwa wanaweza kukaa kwenye ufuko mmoja.

Matokeo ya jaribio hilo yako kwenye hesabu za viboko. Katikati ya miaka ya 1970, wakati Vitshumbi na Kyavinyonge vilikuwa vimekwisha kuwa vijiji vikubwa, mbuga ilikuwa na viboko karibu 29,000, kundi kubwa kuliko yote yaliyojulikana duniani. Huko Vitshumbi walitembea usiku katikati ya nyumba, na marabu walisimama kwenye mizani ya samaki. Wavuvi waliamini, na wanasayansi wengi waliwaunga mkono, kwamba kiboko anayekula nyasi kilo 40 hivi kwa usiku mmoja na kwenda kuziachia majini mchana anawalisha samaki. Kwamba wingi wa tilapia na wingi wa viboko ni hesabu moja. Kiasi hasa cha mchango huo kina ubishi, kwa kuwa ziwa hupokea rutuba pia kutoka mito ya Rutshuru, Rwindi na Ishasha. Hata hivyo imani hiyo ilikuwa na kazi yake: ilimpa mvuvi sababu ya kumtaka kiboko aishi. Hii ni aina ya ulinzi ambayo hakuna bajeti inayoweza kuinunua.

Halafu, ndani ya miaka 30, viboko hao waliporomoka hadi chini ya 1,000 mwaka 2005. Ni nani aliyewaua? Kama maelezo yaliyozoeleka yangekuwa sahihi, jibu lingekuwa mkulima mwenye jembe au mvuvi mwenye wavu. Kumbukumbu za mbuga zenyewe zinaonyesha mtu mwingine: mtu mwenye bunduki ya kivita. Kwanza askari wa Rais Mobutu wasiolipwa mishahara, mwishoni mwa miaka ya 1980 na baada yake. Kisha, baada ya mwaka 1994 na wimbi la wakimbizi na majeshi kutoka Rwanda, na vita vya 1996 na 1998, kila kundi lililopita bondeni: wanajeshi, wanamgambo wa Kihutu wa Interahamwe na warithi wao, na wanamgambo wa Kikongo wa Mai-Mai. Oktoba 2006 Mai-Mai waliua viboko kwa mamia katika majuma machache. Nyama ilikuwa chakula cha kikosi na meno yalikuwa fedha. Na walipachagua mahali panapofaa kwa kazi hiyo: nyanda ambazo kwa sheria hakuna raia anayeruhusiwa kukanyaga, hakuna kijiji, hakuna chifu, hakuna shule wala kanisa, ambako mlinzi wa mbuga ndiye macho pekee. Walinzi hao walilipa kwa damu. Zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya mbuga, na Aprili 2020 peke yake 12 waliuawa kwa shambulio moja karibu na makao makuu ya Rumangabo. Ushujaa wao hauna mjadala, lakini watu mia kadhaa hawawezi kuwa macho ya eneo la kilomita za mraba 7,800.

Pingamizi la pili linatoka hapa, nalo ni zito kuliko la kwanza. Nyama ya viboko haikuliwa yote na askari; iliuzwa vijijini, na vijiji vya ziwani vilikuwa soko lake la karibu. Tena vijiji hivyo vilivimba wakati wa vita kupita uwezo wa ziwa, ufuko wa magharibi ukajaa kambi zisizo na kibali, mitumbwi ikaongezeka mara nyingi kuliko idadi iliyoruhusiwa, na nyavu zenye matundu madogo zikaburutwa hadi kwenye mazalio ya samaki midomoni mwa mito. Wavuvi wa ziwani walijiharibia wenyewe, husemwa, na hilo linathibitisha kwamba mbuga isiyo na watu ingekuwa bora. Nakubali sehemu yote ya kwanza. Siwezi kukubali hitimisho. Nyavu haramu na kambi za magharibi zilienea chini ya ulinzi wa watu wenye silaha waliotoza ushuru kwa kila mtumbwi, na chama cha ushirika hakiwezi kumnyang'anya mtu mwenye bunduki kibali alichokwisha kukiuza. Wavuvi walewale, wakiwa na njaa ileile ya fedha, walikaa na viboko 29,000 kwa muda mrefu chini ya dola iliyoweza kusimamia kanuni. Watu hawakubadilika tabia mwaka 1990. Kilichobadilika ni kwamba mamlaka yaliyoweza kusema hapana yalitoweka, na wenyeji, ambao tangu 1935 walifundishwa kwamba mbuga ni mali ya serikali na haiwahusu, hawakuwa na cheo wala sheria ya kuyachukua mahali pake.

Uganda inasaidia kupima hoja hii, kwa kuwa ziwa ni moja na wanyama hawajui mpaka. Mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952 kwenye ufuko wa mashariki na kaskazini, nayo ina vijiji vya wavuvi ndani yake, kama Katwe, Kazinga, Katunguru na Rwenshama. Wanyama wake waliuawa ovyo na wanajeshi wakati wa Idi Amin na vita vilivyomng'oa, kisha wakaongezeka tena vijiji vikiwa palepale, baada ya utulivu kurudi. Mwaka 2020 mamia ya tembo walivuka kutoka huko na kuingia nyanda za kusini mwa ziwa upande wa Kongo, ambako ulinzi ulikuwa umeimarika kidogo. Tembo walirudi walipoona usalama, na hawakusubiri Vitshumbi ihamishwe kwanza. Simaanishi kwamba Uganda imetatua kila kitu. Majeshi yake yamewakamata wavuvi wengi wa Kongo kwenye maji yenye mpaka usioonekana, na Julai 2018 wanajeshi wa nchi hizo mbili walipigana risasi ziwani. Wala si maadui wote wenye bunduki: Aprili 2025 kimeta kiliua viboko wasiopungua 50 kwenye eneo la mto Ishasha.

Ushahidi mwingine unatokana na mafuta. Kampuni ya Uingereza ya SOCO ilipopewa kibali cha kutafuta mafuta kwenye eneo linalolijumuisha ziwa, ulimwengu ulijua habari hiyo kupitia filamu ya mwaka 2014 iliyobeba jina la mbuga, na kupitia kupigwa risasi kwa mkurugenzi wa mbuga, Emmanuel de Merode, Aprili mwaka huohuo. Juni kampuni ilikubali kusimamisha kazi. Kilichosemwa kidogo ni kwamba wavuvi na vyama vya wenyeji wa ziwani walikuwa miongoni mwa waliopinga mapema, na walitishwa kwa ajili hiyo. Walipinga kwa sababu rahisi: maji ni shamba lao. Kama amri ya 1935 ingefanikiwa kikamilifu, na ufuko ungekuwa mtupu kama Van Straelen alivyopenda, pale ufukoni asingebaki mtu wa kuuliza meli ya kampuni inapima nini. Serikali ilirudi na mnada wa vitalu mwaka 2022, baadhi yake vikiingia mbugani, ikaufuta Oktoba 2024, na hakuna sababu ya kudhani kwamba wazo lenyewe limekufa.

Linabaki pingamizi la tatu, la watu wa mahesabu. Milima ya Lubero na Beni, wanasema, ni onyo tosha: msitu umekwisha, mikaratusi imepandwa mahali pake, udongo unashuka na mvua hadi mitoni. Fungua mpaka hata kidogo, na bonde litafanana na mlima ndani ya miaka 20. Nao wana haki. Butembo ya leo, mji mkubwa wa wafanyabiashara, haiwezi kulishwa kwa kurudisha mipaka ya 1925, na ardhi ya Semliki ikigawanywa, wa kwanza kuipata hatakuwa mjukuu wa aliyehamishwa kwa malale. Atakuwa mwenye lori na msumeno. Msitu wa Semliki una okapi, waliopigwa picha tena mwaka 2008 baada ya kukosa kuonekana mbugani tangu 1959, na hakuna hoja ya haki itakayowarudisha wakishapotea. Tena ukanda wa Beni hadi Ruwenzori umekuwa maficho ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda, ambao tangu Oktoba 2014 wamewachinja raia kwa mamia wakiwa shambani. Kumwambia mkulima arudi kulima ndani ya msitu huo leo ni kumpeleka kwenye kifo. Basi kukubali kwamba bonde lilihamishwa watu hakumaanishi kulijaza watu tena.

Kunamaanisha jambo la kisheria, ambalo ni gumu zaidi kwa serikali kuliko kukata viwanja. Tangu 1885 hadi sheria ya ardhi ya 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, mwenyeji wa bonde hakupewa nafasi yoyote kwenye karatasi isipokuwa ya mtu aliyeruhusiwa. Mvuvi wa Kyavinyonge ana kibali, hana haki. Kibali huweza kuuzwa na afisa, kukodishwa na mwanajeshi, kutozwa ushuru na Mai-Mai, na tangu mwaka 2024 Vitshumbi yenyewe iko chini ya waasi wa M23, ambao nao wanatoa ruhusa zao. Kila anayelishika ziwa anashika kalamu ya vibali, na kila mmoja ana faida ya kuongeza mitumbwi, kwa kuwa hakuna chombo cha wavuvi chenye mamlaka ya kumzuia mahakamani. Januari 2025 serikali ya Kinshasa ilitangaza ukanda wa kijani utakaotoka Kivu hadi Kinshasa, Virunga ikiwa ndani yake, na safari hii maneno ya amri yanawataja wakazi kama washiriki wa uhifadhi. Kipimo cha maneno hayo kwa upande wa Beni na Lubero kitakuwa kidogo na cha kushikika: ni nani atakayeamua ukubwa wa matundu ya wavu, atakayefunga mazalio kwenye mdomo wa Rwindi wakati wa kutaga, na atakayekuwa na haki ya kumshitaki afisa aliyeuza kibali cha ziada, iwapo ni ofisi peke yake, au ni ofisi pamoja na watu ambao kazi yao ilikuwepo Ishango kabla ya mbuga kuwa na jina.